Vyombo vya Peke Yangu

Wanawake wenzangu wa jikoni walikuwa wananionea wivu, na mimi niliwaacha waone. Ukiwa na mume anayekuoshea vyombo utanyamaza ili iweje? Kila asubuhi tukiwa tunafunga aproni kule hotelini, Kijiko, mwenzangu wa sinki la pili, lazima aulize. Tulimwita Kijiko kwa wembamba wake. Mimi waliniita Povu, na jina lile lilinikaa mpaka mume wangu naye akalichukua.

"Haya Povu, jana kakuoshea?"

"Kaosha, kafuta, kapanga kabatini."

"Na lile sufuria la maharage yaliyoungua?"

"Ndilo la mwisho, na hakunung'unika."

"Ana kaka huyo?"

"Ana dada tu. Pole, mwaya."

Basi wanacheka, wanasema mwanaume wa hivyo lazima kalishwa kitu, na mimi nazamisha mikono kwenye maji ya moto nikiwa nimevimba kichwa. Nilikuwa mjinga mwenye furaha, na hakuna ujinga mtamu kama huo.

Mapenzi yetu yalianzia kwenye vyombo. Hoteli ilikuwa na mashine ya kuoshea, kubwa kama kabati la nguo. Siku moja ikakohoa, ikatema maji sakafuni, ikanyamaza. Mwenye hoteli akaita fundi wa mafriji, kwa kuwa ndiye fundi aliyekuwa karibu. Akaja kijana mrefu, mpole wa macho, akalala chali chini ya ile mashine, akatoka na grisi kwenye nyusi.

"Hii imekufa," alisema. "Zikeni."

Mwenye hoteli hakununua nyingine. Alisema sisi wanawake tumezaliwa na mashine mbili kila mmoja, tena hazili umeme. Tukamtazama tu. Fundi ndiye aliyeona aibu. Akakunja mikono ya shati, akachukua kitambaa kikavu, akaja kusimama kando yangu.

"Mimi ndiye niliyetangaza kifo," akaniambia. "Wacha nikae msibani."

Akakausha glasi mpaka zikaisha. Kesho yake akaja tena, na hakuna friji lililoharibika. Nilipomuuliza kafuata nini, alisema kuna glasi moja jana hakuridhika nayo. Nitasema nini? Nilimpenda sinki likiwa bado limejaa.

Mama yake hakunitaka. Alisema mwanawe hakusomea ufundi ili aje amletee muosha masufuria ya watu, na aliyasema hayo mbele yangu, kwa upole kabisa, huku ananisogezea chai. Fundi alisimama kidete. Akanioa. Nyumba yetu ndogo aliyokuwa anaijenga ilikuwa haijaezekwa, kwa hiyo tukakaa kwa mama yake: mama mkwe, wifi yangu aliyerudi kwao kujifungua, kichanga chake, na sisi wawili katika chumba cha uani.

Halafu mikono yangu ikaharibika.

Hotelini tulikuwa na masinki matatu: la sabuni, la maji safi, na la dawa ya kuua vijidudu, ile inayowasha macho. Ukishinda humo kutwa ngozi inalainika kama mkate uliolowa, kisha inapasuka. Glovu tulipewa, zikatoboka, maji yakawa yanaingia na kukaa humo humo, afadhali mkono mtupu. Yangu ilianza katikati ya vidole. Ikawa myekundu, ikatoa majimaji, ikafanya magamba, ikapasuka tena. Nikikunja ngumi, damu. Nikaanza kusalimia watu kwa kupunga.

Fundi ndiye aliyenipeleka kwa daktari wa ngozi. Tulikaa bega kwa bega, na daktari, mama mmoja wa makamo asiye na haraka, akavishika vidole vyangu kimoja kimoja kwa mikono yake mitupu.

"Ni ukurutu," alisema. "Hizo sabuni na dawa zenu. Nawaona wengi. Waosha vyombo, wafua nguo, wasusi."

"Unaambukiza?" Fundi akauliza.

"Ungekuwa unaambukiza ungeniona nimemshika hivi? Hauambukizi. Apake hii dawa, na akiweza aipumzishe mikono na maji ya sabuni."

Kazi sikuweza kuiacha. Lakini njiani Fundi alinisimamisha kando ya barabara, akanishika mabega.

"Kuanzia leo vyombo vya nyumbani ni vyangu," alisema. "Usiguse hata kijiko. Umenielewa?"

Nililia pale pale, watu wanapita, wala sikujali. Siku chache baadaye akaniletea zawadi: sahani, kikombe na kijiko, vyeupe, vina maua ya bluu ukingoni.

"Vya peke yako," akasema. "Malkia hali kwenye sahani ya kila mtu."

Mama mkwe alikuwepo, akatabasamu. Hakuwahi kunitabasamia tangu niingie nyumba ile. Nikajiambia, haya, sasa nimekubaliwa.

Na kweli maisha yakawa mepesi. Jioni naletewa chakula changu kwenye sahani yangu ya maua, nikimaliza nanyang'anywa. Nikijaribu kusimama naambiwa kaa, umechoka. Tukienda kutembea, Fundi ananishika kifundo cha mkono badala ya kiganja, na mimi nawaza, jamani, huyu mtu anaogopa kunitonesha. Wapo wanawake wamezeeka wakisubiri mapenzi kama hayo.

Jumamosi ile maji yalikatika hotelini. Hoteli bila maji haina haja na sisi, kwa hiyo tukatawanywa mapema, jua likiwa bado kali. Nikafika nyumbani nikakuta kimya. Mama mkwe alikuwa ametoka kwenda kwa jirani, wifi alikuwa amempeleka mtoto kupimwa uzito, Fundi alikuwa kazini. Na sinki la jikoni limejaa mpaka juu, vyombo vya asubuhi na vya mchana vimelaliana.

Nikajitazama mikono. Ilikuwa imepata nafuu, mipasuko imefunga, imebaki wekundu tu na magamba kidogo. Nikasema moyoni, huyu mwanaume anarudi mgongo unamuuma kwa kuinamia mafriji ya watu, halafu anasimama hapa. Ananihurumia kila siku. Leo na mimi nimhurumie.

Nikavua viatu, nikafungulia bomba. Nilianza na glasi, maji yakiwa bado hayana mafuta, kisha vikombe, vijiko, sahani. Sufuria ni za mwisho. Anayeanza na sufuria hajafundwa. Chupa ya mtoto ya maziwa niliiosha peke yake, kwa maji mapya, nikaisugua ndani kwa brashi yake ndogo mpaka ikang'aa. Nilikuwa naimba, hata sijui wimbo gani.

Sabuni ikaisha nikiwa nimebakiza sufuria. Nikainama kutafuta nyingine chini ya sinki. Huko nyuma kabisa palikuwa na ndoo ndogo yenye kifuniko. Nikaivuta, nikaifunua, na harufu ikanipiga puani, ile ile ya sinki letu la tatu. Ndani ya maji kulikuwa na sahani yangu. Kikombe changu. Kijiko changu. Na sponji moja iliyokatwa nusu.

Nilikitoa kikombe, nikakigeuza. Yale maua ya bluu yalikuwa yamepauka kama nguo iliyoanikwa juani msimu mzima. Nilikuwa nimeshayaona yakififia, nikamlaumu mwenye duka. Sasa nimeshika kikombe, dawa inaniwasha vidole, na bado sielewi. Akili ya mtu anayependwa huchelewa kufika.

Mlango ukafunguliwa. Wifi yangu akaingia, mtoto begani.

"Wifi," alisema. Haikuwa sauti ya salamu. "Umerudi saa hizi?"

"Maji yamekatika kazini. Mlete mwanangu nimwone. Kaongezeka?"

Hakumleta. Alikuwa anatazama glasi zilizopangwa, kisha chupa ya mtoto, kisha mikono yangu.

"Umeosha wewe?"

"Nimebakiza sufuria tu."

"Na chupa ya mtoto?"

"Hiyo nimeisugua mpaka imeomba radhi."

Wifi yangu ni mcheshi, kwa kawaida angenipiga kofi la bega. Hakucheka. Alimlaza mtoto kwenye mkeka sebuleni, akarudi, akaichukua ile chupa kwa ncha za vidole, akaitupa kwenye pipa la taka. Akasimama hapo kanipa mgongo.

"Nisamehe wifi," alisema. "Sina ubaya na wewe, Mungu anajua. Lakini huyu bado mchanga."

"Mchanga kafanyaje?"

Akageuka. Macho yake yakaangukia ile ndoo wazi miguuni pangu, na uso wake ukabadilika.

"Kaka hakukwambia?"

"Aniambie nini?"

"Mimi nilijua mmekubaliana. Mama alisema mmeshakubaliana."

"Wifi, niambie. Tumekubaliana nini?"

Alikaa chini kwenye kigoda. Alikuwa anasema huku anavuta uzi wa khanga yake, hanitazami.

"Kwamba vyombo vyako vikae mbali na vyetu. Vioshwe na dawa, na sponji yake. Na wewe usishike vya humu ndani mpaka upone. Mama alisema iwe hivyo au muhame. Ndiyo kaka akasema basi, yeye ataosha vyote, ili wewe usisikie vibaya."

Maneno yaliniingia moja moja. Ili wewe usisikie vibaya. Kumbe jioni zote zile nilizokuwa nimekaa kitini kama bibi harusi, nikiletewa na kunyang'anywa, nilikuwa mgonjwa aliyetengwa ambaye hajaambiwa. Nikamkumbuka Kijiko na maswali yake ya asubuhi. Nikaona aibu, nikaona hasira, na chini ya hasira kulikuwa na maumivu ambayo sijawahi kuyapata kwenye mkono wala mahali pengine.

"Na mimi nilikuwa nawaringia watu," nilisema.

"Wifi, usilie."

"Silii."

Nilikuwa nalia.

Mama mkwe akatukuta hivyo. Alisimama mlangoni, akaiona ndoo, akaona vyombo, akavua kandambili zake taratibu. Sikuzote huyu mama hana papara, hata akikuchinja.

"Basi umejua," alisema.

"Nimejua, Mama."

"Nilimwambia akwambie tangu siku ya kwanza. Kitu cha wazi hakiumizi kama cha kuficha. Akasema muache, atanunua vyombo vizuri, hutagundua." Akavuta kiti, akakaa. "Mwanangu, mimi sikufanya kwa chuki. Baba yao alipougua kifua tulitenga vyombo vyake. Kikombe chake, sahani yake, kijiko chake. Na hakuna mwingine aliyeugua humu ndani. Hakuna. Unajua kwa nini? Kwa sababu sikuona haya."

"Baba alikuwa na kifua kikuu, Mama. Mimi nimechubuliwa na sabuni."

"Na yeye alisema ni vumbi la kazini."

"Daktari amesema hauambukizi."

"Daktari haishi hapa. Daktari hana mjukuu kwenye mkeka wangu."

Ningeweza kumchukia, ila nilimwona anavyotazama sebuleni kila mtoto anapokoroma. Yule ni mwanamke aliyezika mume, anaogopa. Woga wake niliuelewa. Mtu niliyekuwa simwelewi hakuwa yeye.

Tukakaa. Hakuna aliyewasha moto. Mtoto akaamka, akanyonya, akalala tena. Nikaiweka ile ndoo juu ya meza ya jikoni, vyombo vyangu ndani, na nikasubiri.

Fundi aliingia anapiga mluzi, begi la spana begani. Aliiona ndoo kabla hajaniona mimi. Mluzi ukakatika.

"Povu."

"Mume wangu."

"Umerudi mapema."

"Ndiyo kosa langu la leo. Ningerudi saa zangu ningeendelea kuwa malkia."

Akalitua begi chini. Akamtazama dada yake, akamtazama mama yake, wote wakaangalia pembeni.

"Nilitaka kukwambia," alisema.

"Lini?"

"Tukishahamia kwetu."

"Ungeniambiaje? Ungesema mke wangu, unakumbuka ile zawadi? Ilikuwa inalala kwenye ndoo."

"Usiseme hivyo."

"Niseme vipi? Nifundishe. Wewe ndiye unayejua kuyapamba."

Alinisogelea, akasimama upande wa pili wa meza. Macho yake, yale ya upole yaliyoniponza, yalikuwa yamejaa maji. Nilitamani kuyafuta. Ndivyo mapenzi yalivyo ya kipumbavu. Mtu anakuchoma na bado unatamani kumpuliza yeye.

"Kwa daktari ulikuwepo," nikamwambia. "Tulikaa pamoja."

"Nilikuwepo."

"Ulimsikia?"

"Nilimsikia. Nilimweleza mama neno kwa neno. Mama yupo hapa, muulize. Hakuamini. Akasema nikutoe au nikutenge. Ningekutoa nikupeleke wapi, Povu? Kwenye kuta zisizo na paa? Nikaona bora nibebe mimi mwenyewe. Niwe naosha, nitafute na vyombo vizuri, siku zipite. Niliogopa kukuumiza."

"Uliogopa kuniumiza, au uliogopa nijue?"

Alisema kwa sauti ya chini sana.

"Baba alivyokuwa anaumwa, mimi ndiye niliyekuwa namwoshea. Mama hakuwahi kukwambia hilo. Nilikuwa mdogo, sinki silifikii, nasimama juu ya kreti la soda. Naosha cha baba mwisho, kwa sponji yake, naloweka. Nilikuwa naosha naongea naye pale dirishani, namwambia baba kesho utapona. Mimi kumtunza mtu nilifundishwa hivyo. Sijui njia nyingine."

Mama mkwe aliinamisha kichwa. Wifi alikuwa anafuta macho. Na mimi, nakiri, moyo ulilegea. Nilimwona yule mtoto juu ya kreti. Nilitaka kuzunguka meza nimkumbatie, yaishe.

"Na baba alijua vyake vimetengwa?" nikamuuliza.

"Alijua."

"Alisemaje?"

"Hakusema kitu. Mara moja tu aliniomba maji, akasema leo nipe kwa glasi ya wote." Akaitazama ile ndoo. "Nikampa kwa kikombe chake."

Nilijifuta uso kwa kiganja, na kiganja kikaniuma kwa chumvi ya machozi.

"Sikiliza," nikasema. "Mama amesema lake, na mimi nimemwelewa. Anaogopa, ana haki ya kuogopa, nyumba ni yake. Hiyo ndoo nitaisamehe. Uongo wako nitausamehe. Nina swali moja, ukinijibu vizuri natoka humu na wewe leo hii, twende tukalale kwenye zile kuta zako tukitazama nyota, na sitalitaja tena jambo hili mpaka nife. Wewe mwenyewe. Siyo mama. Wewe unaamini mikono yangu ina ugonjwa wa kumpa mtu?"

"Siamini."

"Unaamini ulichosikia kwa daktari?"

"Naamini. Povu, naamini, wallahi."

Nikachukua glasi moja kutoka kwenye zile nilizoosha. Niliishika wazi, vidole vyote vitano, wekundu na magamba yake. Nikaijaza maji, nikamnyooshea juu ya meza.

"Kunywa."

"Mwanangu," mama yake akasema.

"Mama, niache." Hakumgeukia. Alikuwa ananitazama mimi tu, kama siku ile ya kwanza alivyonitazama glasi zilipokwisha na hakutaka kuondoka. Nilijua ananipenda. Nalisema hili wazi ili asije mtu akadhani vingine. Mwanaume yule alikuwa ananipenda.

Akaipokea glasi. Akavuta pindo la shati lake kwa mkono wa kushoto, akaufuta ukingo wa glasi, akauzungusha mpaka mwisho, polepole, kwa uangalifu wa mtu aliyefanya hivyo maisha yake yote. Kisha akaiinua, akanywa. Alikunywa maji yote, macho yake hayajaniacha, akaiweka glasi mezani.

"Umeona?" alisema, na uso wake ulikuwa unang'aa. "Nimekunywa. Basi chukua nguo zako na zangu. Tunaondoka sote. Mama utanisamehe, mimi naenda na mke wangu."

Hayo ndiyo maneno niliyokuwa nayasubiri tangu jua liko juu. Ningeyapata dakika moja kabla yangeniponya. Mama mkwe alikuwa ameona. Alinitazama, na kwa mara ya kwanza kulikuwa na huruma kwenye macho ya yule mama, huruma ya mwanamke kwa mwanamke. Akatazama chini.

"Mbona husemi?" Fundi akaniuliza. "Si nimekunywa?"

"Kaka," wifi akasema taratibu. "Umeifuta."

"Nimefuta nini?"

Wifi akaonyesha kwa kidevu. Fundi akajitazama. Pindo la shati lilikuwa bado limo ndani ya ngumi yake ya kushoto, lina alama mbichi ya maji. Akalitazama kwa muda mrefu, kama mtu aliyekutwa na kitu cha wizi ambacho hajui kimeingiaje mfukoni mwake. Hakuwa anajua. Angekuwa anajua ningemgombeza, angeniomba radhi, tungelia, tungeondoka. Lakini kosa ambalo mwenyewe halioni, utamsamehe lipi?

"Povu, ni mazoea," alisema. "Ni mazoea tu, tangu utotoni. Nipe nyingine. Jaza nyingine nikuonyeshe."

"Najua ni mazoea."

"Haina maana yoyote."

"Najua, mume wangu. Utakuwa unanifuta hivyo hivyo mpaka tuzeeke, na kila siku utakuwa hujui."

Alinyoosha mkono juu ya meza. Niliutazama ukija. Ulipita kiganja changu, ukanishika kifundo.

Nikakitoa taratibu, bila hasira, nikaenda chumbani kukusanya nguo zangu. Nilikuwa nakunja gauni la pili niliposikia bomba la jikoni likifunguliwa, na glasi zikigongana kwenye sinki. Mtu alikuwa anaziosha upya. Nilisimama nikasikiliza kidogo, kisha nikaendelea kukunja, na nilipotoka nilipitia mlango wa uani ili nisimwone ni nani.